SOMO LA AFYA: Mifupa ya Mtoto Mwenye Lupasi na Kipimo cha MRI

Wazazi na walezi wa watoto wenye maradhi ya lupasi wanakumbushwa kwamba maumivu ya nyonga au goti kwa watoto hao si jambo la kungojewa lipite lenyewe. Mfupa waweza kuwa umeanza kufa ilhali picha ya eksirei ingali inauonesha mzima. Somo hili limewakusudia pia wenye jamaa wanaoishi mbali na hospitali kubwa, mathalani Bulyanhulu, katika ukanda wa dhahabu wa Shinyanga na Geita.

Lupasi ni maradhi ambayo kinga ya mwili huushambulia mwili wenyewe: ngozi, viungo, figo na damu. Dawa inayotegemewa sana kuituliza ni prednisoloni, ya jamii ya steroidi, nayo imeokoa maisha ya watoto wengi. Hata hivyo, dozi kubwa ya dawa hiyo, pamoja na athari za lupasi yenyewe, huweza kupunguza damu iendayo mifupani. Mfupa ni kitu hai. Ukikosa damu, seli zake hufa. Panapoathirika zaidi ni kichwa cha mfupa wa paja, ndani ya nyonga, na pia magoti.

Eksirei huonesha madini yanayoupa mfupa ugumu wake. Seli zikifa, madini hayo hubaki mahali pake kwa muda, ndiyo maana picha hutoka safi. Wachimbaji wa Bulyanhulu, ambako dhahabu hufuatwa chini ya ardhi, wanajua kuwa mwamba ulio imara kwa nje waweza kuwa na ufa ndani. MRI hutumia sumaku yenye nguvu na mawimbi ya redio, bila mionzi ya eksirei, na huonesha uboho, mafuta na maji yaliyomo mfupani. Kwa hiyo huutambua uharibifu mapema, hata kabla ya maumivu.

Utafiti uliofanywa Japani na kuchapishwa mwaka 2001 uliwafuatilia kwa MRI wagonjwa 72 wa lupasi walioanza dozi kubwa ya steroidi. Wagonjwa 32 walipata uharibifu wa mifupa, kwa wastani miezi mitatu tu baada ya kuanza dawa. Utafiti mwingine wa huko, wa mwaka 2010, ulipima nyonga na magoti ya wagonjwa 169. Uharibifu ulionekana katika asilimia 6 ya viungo vya walio chini ya miaka 15, asilimia 49 vya wenye miaka 15 hadi 20, na asilimia 41 vya watu wazima. Hivyo, mtoto anapoingia umri wa ujana, uangalizi hauna budi kuongezwa.

Si kila doa linaloonekana huishia kuubomoa mfupa. Likigunduliwa mapema, daktari aweza kuagiza magongo, mazoezi maalumu, au upasuaji wa kutoboa mfupa ili kupunguza shinikizo ndani yake. Kichwa cha mfupa kikishabomoka, kijana huenda akahitaji nyonga ya bandia, ambayo nayo huchakaa na kudai upasuaji mwingine.

Wazazi na walezi wanashauriwa yafuatayo:

(a) Mtoto akichechemea, au akilalamikia kinena, nyonga au goti, apelekwe kwa daktari bila kuchelewa, na daktari aelezwe dawa anazotumia, dozi yake, na tarehe alipozianza.

(b) Eksirei ikitoka safi na maumivu yakaendelea, daktari aulizwe kuhusu rufaa ya MRI. Kutoka Bulyanhulu, Hospitali ya Bugando iko Mwanza, kiasi cha kilomita 150. Taasisi ya Mifupa Muhimbili, iliyoanzishwa mwaka 1996, iko Dar es Salaam.

(c) Wahudumu wa MRI waelezwe iwapo mtoto ana chuma chochote mwilini. Mtoto mdogo asiyeweza kutulia huenda akapewa dawa ya usingizi.

(d) Prednisoloni isikatishwe wala kupunguzwa bila amri ya daktari. Kuiacha ghafla kwaweza kuhatarisha maisha.

Watoto wenye sikoseli, maradhi yaliyoenea Kanda ya Ziwa, nao hupatwa na uharibifu wa namna hii. Wazazi wao wazingatie maumivu ya nyonga vivyo hivyo.