Mgeni Njoo Machakos, Mwenyeji Apone

Reli ya Uganda ilipouacha kando mji wa Machakos, makao ya utawala wa Waingereza yalihamishwa kutoka hapo hadi Nairobi mwaka 1899. Siku hizi wageni hawapungui, hasa wikendi, maana kutoka Nairobi ni kilomita 60 na ushei tu. Ila wengi huja na chakula chao garini, hupanda kilima, hupiga picha na kurudi kabla ya magharibi, na wenyeji huachiwa vumbi na chupa tupu. Mwongozo huu ni wa msafiri anayetaka kuiona Machakos vizuri na pesa yake ibaki huko.

Kufika na msimu

Matatu za Machakos hupatikana Nairobi, karibu na stendi ya Machakos Country Bus. Mwenye gari afuate Barabara ya Mombasa hadi Kyumvi, kisha akate kushoto. Ukihitaji gari au bodaboda ya kuzungukia vijijini, ikodi Machakos mjini. Dereva wa huko anajua ni njia ipi haipitiki mvua ikinyesha, na nauli inabaki Ukambani.

Mvua hunyesha Machi hadi Mei, na tena Oktoba hadi Desemba. Julai na Agosti beba sweta. Ukipenda maembe, njoo kati ya Desemba na Machi.

Ol Donyo Sabuk na Fourteen Falls

Tenga siku nzima kwa upande huu wa kaunti, unaofikika kwa urahisi zaidi kupitia Thika. Mlima Ol Donyo Sabuk, ambao wengi huuita Kilimambogo, una mita 2,145 na ni hifadhi ya taifa tangu 1967. Jina la Kilimambogo si la bure: nyati wamo, kwa hiyo anayetembea kwa miguu aombe askari wa Shirika la Wanyamapori la Kenya (KWS) amsindikize. Njiani kuna kaburi la William Northrup McMillan, tajiri aliyemiliki ardhi ya eneo hili na kufariki mwaka 1925. Lipia kiingilio kwenye mtandao wa serikali wa eCitizen kabla ya kufika. Chupa za plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku katika hifadhi za Kenya tangu Juni 2020, basi chukua chupa ya kujazia.

Fourteen Falls, maporomoko ya Mto Athi, yako karibu. Mto huu hupokea uchafu wa Nairobi kabla ya kufika hapa, na mara nyingine povu huonekana waziwazi. Usiogelee wala usinywe maji yake. Mchukue kijana wa hapo akuongoze, na ukipanda mashua dai jaketi la kuokolea maisha. Wapo vijana wanaoruka kutoka juu ya maporomoko ili wapewe hela. Usiwalipe kwa kuruka. Walipe kwa kuongoza, maana kazi hiyo inawafikisha jioni wakiwa wazima.

Kyamwilu

Nje ya mji, njia ya kwenda Kituluni, kuna kipande cha barabara ambapo maji yakimwagwa huonekana yakipanda mlima. Wenyeji wana simulizi zao. Wanasayansi husema macho hudanganywa na mwinamo wa vilima vinavyozunguka. Atakayekumwagia maji na kukusimulia anafanya kazi. Mpatane bei kabla hajaanza, kisha mlipe bila kunung'unika.

Wamunyu: nunua kwa mchongaji

Vinyago vingi vinavyouzwa kwa watalii Nairobi na Mombasa asili yake ni Wamunyu, kwenye barabara ya Machakos kwenda Kitui. Ufundi huu unahusishwa na Mutisya Munge, aliyejifunza uchongaji nchi iliyokuja kuitwa Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akarudi nao nyumbani. Leo wachongaji wana chama cha ushirika. Ukinunua hapa, hakuna dalali wa kugawana na fundi.

Uliza pia kinyago ni cha mti gani. Muhugu na mpingo imekatwa hadi ikaadimika. Chagua mwarobaini, mwembe au mjakaranda, miti inayopandwa mashambani. Vyondo vya mkonge navyo vinunue kwa vikundi vya akina mama. Kiondo kizuri huchukua siku nyingi kusukwa, kwa hiyo usikazanie kushusha bei mpaka kazi yote iwe bure.

Kola: maji ndani ya mchanga

Miaka ya 1930 maafisa wa kikoloni waliona ardhi ya Machakos kama iliyokwisha kuharibika. Hadi kufikia 1990 watu walikuwa wameongezeka zaidi ya mara tano, na mmomonyoko ulikuwa umepungua. Wakulima walichimba matuta ya fanya juu wakishirikiana katika mwethya, vikundi vya kusaidiana kazi. Huko Kola, kikundi cha Utooni, kilichoanza mwaka 1978, kilieneza mabwawa ya mchanga: ukuta hujengwa kukinga mto wa msimu, mchanga hujaa nyuma yake, na maji hukaa ndani ya mchanga ambako jua haliyafikii kwa urahisi. Agosti na Septemba, mito ikiwa mikavu, ndipo utakapoelewa thamani yake. Panga ziara na kikundi mapema na uulize mchango wao ni kiasi gani. Haya ni mashamba ya watu.

Kula, kulala na adabu

Kula muthokoi (mahindi yaliyokobolewa yakapikwa na maharagwe) au nyama ya mbuzi kwenye hoteli ndogo za mjini. Lipa kwa M-Pesa moja kwa moja kwa aliyekuhudumia. Salimia kwanza, kwa Kikamba: "Wi museo?" kwa mtu mmoja, na "Ni muvea" ukishukuru. Omba ruhusa kabla ya kupiga picha. Usiwagawie watoto hela. Ukitaka kusaidia, ongea na mwalimu mkuu wa shule iliyo karibu.

Ukishindwa kufuata yote haya, fuata moja: usirudi Nairobi jioni hiyohiyo. Anayelala Machakos hulipa chumba, chakula cha jioni, chai ya asubuhi na bodaboda ya kesho yake, na kila shilingi humfikia mtu wa pale.