SOMO LA AFYA: KIUNGO CHA TAYA



Mwezi huu tunajifunza juu ya kiungo kidogo ambacho wengi wetu hatukijui mpaka kituume. Mimi mwenyewe sikukijua. Miaka kumi iliyopita niliumwa upande wa kushoto wa uso, karibu na sikio. Nikaenda kung'olewa gego. Maumivu yakabaki pale pale. Baadaye tabibu mwingine alinipima akaniambia kuwa kilichouma ni kiungo cha taya. Gego langu zima lilikuwa limekwisha kwenda. Ndiyo sababu naandika somo hili.

1. Kiungo hiki kiko wapi?

Weka vidole mbele ya masikio yako, kisha fungua na kufunga kinywa. Utasikia kitu kinatembea. Hapo ndipo taya la chini linapoungana na mfupa wa kichwa. Katikati kuna kisahani cha gegedu kinachozuia mifupa isisagane. Kiungo hiki huzunguka kama bawaba ya mlango, tena huteleza mbele. Misuli ya mashavu na ya panja ndiyo inayokivuta.

2. Dalili zake

(a) Maumivu mbele ya sikio, shavuni au kwenye panja, yanayozidi ukitafuna au ukipiga mwayo.
(b) Taya kulia "ka!" pamoja na maumivu.
(c) Kinywa kukwama au kutofunguka vizuri. Kwa kawaida mtu mzima huweza kuingiza vidole vyake vitatu, kimoja juu ya kingine, kati ya meno ya mbele.
(d) Kichwa kuuma, au sikio kuuma hali sikio lenyewe ni zima.

Taya likilia tu bila maumivu wala kukwama, usiogope. Mara nyingi halihitaji dawa.

3. Chanzo ni nini?

Mwaka 1934 daktari wa masikio wa Marekani, James Costen, alieleza dalili hizi akadhani zinatokana na kupungukiwa meno. Leo inajulikana kuwa sababu ni nyingi: kupigwa au kuanguka, baridi yabisi, kukaza meno mchana, kusaga meno usingizini, na mawazo mengi.

Basi tujitazame. Mpakiaji wa Kamembe hukaza meno anapoinua gunia. Dereva wa lori hukaza meno kwenye kona za barabara ya Bugarama. Na mfanyakazi ambaye mshahara wake umechelewa hulala na deni kichwani. Kwa hiyo jambo hili si la tabibu peke yake. Ni letu pia.

4. Tufanye nini?

Wagonjwa wengi hupata nafuu bila kupasuliwa. Kwa siku kadhaa kula vyakula laini: uji, viazi vitamu, sombe, sambaza wa Ziwa Kivu. Acha muwa na mahindi ya kuchoma. Weka kitambaa cha maji ya moto kiasi shavuni. Ukipiga mwayo, shika kidevu. Jizoeze kufunga midomo bila meno kugusana. Tabibu wa meno aweza kukupa kifuniko cha kuvaa kwenye meno usiku.

Wewe mwenye mituweli, anzia kituo cha afya, upate karatasi ya kukupeleka hospitali, kama Gihundwe au Mibilizi. Na kabla ya kukubali kung'olewa, uliza: "Ni jino gani lenye ugonjwa, na umeujuaje?" Kuuliza si utovu wa adabu.

5. Usingoje kesho

Nenda hospitali mara moja ikiwa kinywa kimebaki wazi hakifungiki, ikiwa kuna uvimbe na homa, au ikiwa taya linauma pamoja na kifua na pumzi inakatika, maana huo waweza kuwa moyo. Na taya likikazana baada ya kukatwa na jembe au kuchomwa na msumari, yaweza kuwa pepopunda. Pepopunda huua. Chanjo yake ipo.

Maswali ya kujadili kikundini

1. Ni kazi gani hapa kwetu zinazotufanya tukaze meno?
2. Nani kati yetu aling'olewa jino na maumivu yakabaki?
3. Tumwombe mwajiri abadilishe nini: uzito wa mizigo, mapumziko, au siku ya mshahara?

Mwenye kujua amfundishe mwenzake.