SOMO: UGONJWA WA KUHARA
Maji yanayotoka lazima yarudishwe

Sikilizeni mfano. Mama mmoja anakaa Lubunga, ng'ambo ya mto. Mtoto wake wa mwaka mmoja ameanza kuhara alfajiri. Bibi anasema, "Usimpe maji, utamwongezea kuhara." Mama anatii, kwa maana bibi ni mkubwa. Jioni mtoto analia bila machozi, na macho yake yameingia ndani. Usiku ni vigumu kuvuka. Asubuhi anapofikishwa hospitali amelegea, hawezi hata kunyonya.

Ni kitu gani kilichomtia mtoto huyu katika hatari ya kufa? Si kuhara peke yake. Ni kukosa maji mwilini. Bibi alimpenda mjukuu wake, lakini hakujua. Basi na tujifunze.

1. Kuhara ni nini?

Mtu akienda choo cha majimaji mara 3 au zaidi kwa siku moja, anahara. Lakini mtoto mchanga anayenyonya tu hutoa choo laini mara nyingi. Kama ananyonya vizuri na kuongezeka uzito, si mgonjwa.

2. Kuhara hutoka wapi?

Wengine husema ni meno yanayoota. Wengine husema ni jirani aliyemtazama mtoto vibaya. Sivyo. Kuhara kwingi huletwa na vijidudu visivyoonekana kwa macho. Vijidudu hivi hutoka katika mavi ya mtu na kuingia katika kinywa cha mtu mwingine. Njia zao ni hizi: maji machafu, mikono isiyonawishwa, nzi, chakula kilicholala bila kufunikwa, na chupa ya kunyonyeshea mtoto isiyochemshwa.

Sisi wa Kisangani tuna maji mengi: Mto Kongo, Tshopo na Lindi. Lakini maji mengi si maji safi. Mahali ambapo mmoja anaoga na mwingine anajisaidia, wa tatu anajaza bidoni ya kunywa. Kumbukeni mwaka 2011. Mwezi wa Machi kipindupindu kilizuka katika mji wetu, kikashuka pamoja na mto, na mwaka ule ule kikafika Mbandaka na Kinshasa. Mto hubeba samaki na abiria, hubeba na ugonjwa.

3. Kwa nini kuhara huua?

Mwili wa mtu ni kama mtungi uliojaa maji na chumvi. Anayehara ni mtungi uliotoboka. Mtungi wa mtoto ni mdogo, kwa hiyo huisha upesi. Dalili za kuishiwa maji ni hizi: kinywa kikavu, kiu kali, mkojo kidogo, macho kuingia ndani, na utosi wa mtoto mchanga kubonyea. Finya ngozi ya tumbo na kuiachia. Ikirudi polepole, maji yamepungua sana.

4. Dawa ya kwanza ni kinywaji

Mwanzoni kabisa mpe mgonjwa maji ya kunywa yenye dawa, yaani SRO. Pakiti ya SRO huchanganywa na maji safi kwa kipimo kilichoandikwa juu yake. Kama huna pakiti, fanya hivi:

Maji safi, lita 1.
Sukari, vijiko vya chai 6 vilivyosawazishwa.
Chumvi, nusu ya kijiko cha chai.

Usizidishe chumvi, kwa maana nyingi hudhuru. Onja kwanza: yasiwe na chumvi kuliko machozi. Yakikaa siku moja, yamwage, utengeneze mengine.

Kwa nini sukari? Sukari hufungua mlango wa utumbo. Chumvi huingia pamoja nayo, na maji hufuata. Mwaka 1971 wakimbizi wengi wa vita vya Bangladesh waliugua kipindupindu katika kambi ya Bongaon, nchi ya India. Maji ya kutia katika mishipa yalikwisha. Daktari Dilip Mahalanabis akaagiza wanyweshwe maji ya sukari na chumvi. Kwanza walikuwa wakifa karibu 30 katika kila wagonjwa 100. Baadaye walikufa chini ya 4.

Mtoto chini ya miaka 2 apewe robo ya kikombe mpaka nusu kila mara anapohara. Mkubwa kidogo apewe nusu mpaka kikombe kizima. Akitapika, ngoja dakika 10, kisha mpe tena kwa kijiko, polepole.

Mama, usiache kunyonyesha. Mtoto anayekula apewe uji, wali, ndizi iliyopondwa na samaki. Uliza hospitalini vidonge vya zinki. Mtoto huvimeza siku 10 mpaka 14, hata kama kuhara kumekwisha. Usimtie dawa kwa nyuma, wala usimpe dawa ya kufunga tumbo. Usinunue vidonge ovyo sokoni.

5. Lini kukimbilia hospitali?

Usingoje ukiona damu katika mavi, kutapika kila anachokunywa, homa kali, usingizi usio wa kawaida, au mavi kama maji ya mchele. Njiani, hata ndani ya mtumbwi, endelea kumnywesha.

6. Kuzuia

Chemsha maji ya kunywa, au tia klorini. Nawa mikono kwa sabuni baada ya choo na kabla ya kushika chakula. Kama sabuni hakuna, tumia majivu. Chimba choo mbali na kisima, ukifunike. Mavi ya mtoto pia yatupwe chooni. Mtoto mchanga anyonye maziwa ya mama tu mpaka miezi 6, na apate chanjo ya rota.

Maswali

1. Bibi wa mfano wetu alikosea wapi?
2. Taja vipimo vya sukari, chumvi na maji bila kutazama kitabu.
3. Nyumbani kwako, vijidudu vinaweza kupita njia gani? Utaifunga namna gani wiki hii?

Ukirudi nyumbani, mfundishe bibi kwa heshima. Mtoto wa jirani naye ataokoka.