Somo la Ufundi: Kuumaliza Mkoba wa Kwanza wa Sufu

Wanakamati kadhaa wametuuliza kwa nini vikundi vya ufumaji huanza kwa shangwe, kisha baada ya miezi miwili sindano zinalala kabatini. Kwa maoni yangu ni kwa sababu tunawaanzisha wanafunzi na sweta. Sweta lina mikono, shingo na vipimo vya mwili wa mtu, na anayejifunza huchoka kabla hajafika kwapani. Afadhali aanze na mkoba wa sufu unaofumwa kisha ukagandishwa kwa maji moto, maana kugandisha huficha makosa mengi ya mikono migeni.

Lakini hakufichi kosa la uzi. Sisi huku Nyandarua tulitumia akiba ya kikundi kununua uzi laini wa rangi za kupendeza. Tulifuma mikoba sita, tukaisugua kwenye maji moto mpaka vidole vikachubuka, na haikugandana hata kidogo. Uzi ule ulikuwa wa akriliki. Mama mmoja aliyekuwa amechanga pesa zake za mayai alinyamaza kimya, na wiki iliyofuata hakuja.

Unywele wa sufu una magamba madogo sana. Ukilowa maji moto yenye sabuni na kusuguliwa, magamba hushikana na hayaachani tena. Akriliki haina magamba hayo. Sufu iliyotiwa dawa kiwandani ili ioshwe kwa mashine nayo haigandani. Na si kila kondoo hutoa sufu: kondoo mwekundu wa Kimaasai ana nywele tu, ilhali Corriedale na Merino wana sufu nzuri.

Basi kabla ya kununua kwa wingi, nunua bonge moja. Choma kipande kifupi cha uzi. Sufu hunuka kama nywele zilizoungua na kuacha majivu yanayopondeka. Akriliki huyeyuka ikaacha kidonge kigumu. Halafu fuma mraba mdogo wa vitanzi 20, upime, uusugue, uupime tena. Ukipungua umefaa.

Kwa mkoba wenyewe tumia sindano nene za milimita 8 na uache vitanzi vilegee. Anzisha vitanzi 40, ufume mistari yote kwa mtindo mmoja mpaka upate sentimita 70. Funga vitanzi, kunja katikati, shona pande mbili kwa uzi uleule. Mshipi ni vitanzi 8 tu, urefu upendavyo. Ncha za uzi zipitishe ndani kwa sindano ya kushonea. Ukiziacha zikining'inia zitagandana ovyo. Utaona mkoba ni mkubwa kupita kiasi. Usiogope.

Weka maji moto na sabuni kidogo katika karai, vaa glavu, kanda na usugue, ukibadilisha maji yanapopoa. Kazi huchukua nusu saa au zaidi. Angalia kila mara, kwa kuwa ukipita kiasi hakuna kurudi nyuma. Vitanzi vikishapotea machoni, suuza kwa maji baridi, kamua ndani ya taulo bila kusokota, kisha vuta mkoba juu ya boksi lililofunikwa kwa nailoni ili upate umbo. Uanike kivulini. Wetu ulikauka siku ya tatu, na upana wa sentimita 33 ulikuwa umebaki 25.

Yule mama tulimpelekea bonge la sufu nyumbani. Mkoba wake una upande mmoja uliopinda na hakukubali tuurekebishe. Ndio anaoendea sokoni kila Alhamisi.

Tunawashukuru wafadhili wanaotutumia maboksi ya uzi. Tunaomba msizitoe zile karatasi za kiwandani kwenye mabonge, kwani ndizo zinazotuambia kama ndani ni sufu au akriliki. Uzi wa akriliki pia tunaupokea kwa furaha; tunaufumia kofia za watoto wa chekechea.