SOMO LA AFYA: WASIWASI, MLIO WA MASIKIO NA TEZI YA SHINGO



Tuseme yuko mwenzetu wa Kinama anayefanya kazi kwenye mashine za kusokota nyuzi. Kwa miezi mitatu sasa moyo wake unakwenda mbio hata akiwa ameketi. Mikono inatetemeka, jasho linamtoka usiku, anakula vizuri lakini anakonda. Akilala, masikio yanalia kama nyenje. Jirani anasema amerogwa. Msimamizi anasema ni mlevi. Mwenyewe anaogopa kuwa anaingia wazimu, na tena atafukuzwa kazi. Wote watatu huenda wamekosea.

1. Tezi hii ni nini?

Mbele ya shingo, chini ya kikoromeo, ipo tezi ndogo yenye umbo la kipepeo. Inachukua iodini kutoka katika chakula na kutengeneza homoni zinazoongoza mwendo wa mwili mzima. Ni kama moto wa jiko: ukizidi, chungu kinafurika, ukipungua, chakula hakiivi.

Tezi ikizidisha kazi, mtu hupata dalili za mwenzetu huyu, na wengine macho huwatoka nje. Ikipunguza kazi, mtu huchoka, huona baridi, hunenepa, huwa mzito wa mawazo na pengine hasikii vizuri. Shingo ikivimba twaita rovu. Lakini tezi yaweza kuugua bila uvimbe kuonekana.

Iodini ni haba katika udongo wa nchi nyingi za milima. Katika kisiwa cha Idjwi, ziwa Kivu, waganga wa Kibelgiji walichunguza jambo hili katika miaka ya 1960 na 1970. Waliona kuwa muhogo usiotayarishwa vizuri huizuia tezi kupata iodini ile kidogo iliyopo. Kwa hiyo loweka muhogo mchungu siku kadhaa na uuanike vizuri, na nunua chumvi yenye iodini.

2. Mlio unatoka wapi?

Mlio wa masikio si sauti ya mashetani. Unaweza kuletwa na makelele ya mashine, nta iliyojaa sikioni, au dawa kama kwinini na asipirini zikinywewa kwa wingi. Ugonjwa wa tezi nao waweza kuuleta. Mtu mmoja anaweza kuwa na sababu mbili pamoja.

Hapo ndipo mduara unapoanza. Mlio unaleta hofu. Hofu inaondoa usingizi. Kukosa usingizi kunafanya mlio usikike zaidi. Asubuhi mtu anakwenda kazini akiwa amechoka, karibu na mashine inayoweza kumkata kidole.

3. Tufanye nini?

Kwanza, nenda kwa mganga umweleze dalili zote, si moja tu. Ukitaja wasiwasi peke yake, huenda ukapewa dawa ya usingizi na tezi ikasahauliwa. Uliza kama damu yako inaweza kupimwa kazi ya tezi.

Pili, ukipewa dawa usiiache kwa kuwa umepata nafuu. Anayetumia dawa ya kupunguza kazi ya tezi, akipata homa na koo kuuma, aende hospitali siku hiyo hiyo. Mwenye mimba amwambie mganga. Usijinunulie matone ya iodini sokoni: yaweza kuzidisha ugonjwa.

Tatu, usiku usilale katika kimya kabisa. Redio ya sauti ndogo huufanya mlio usitawale masikio. Punguza kahawa na pombe. Hofu ikija, keti, vuta pumzi polepole puani na uitoe polepole zaidi mdomoni, kwa dakika tano. Mweleze mtu wa nyumbani. Siri huongeza mzigo.

Nne, usingoje kama mlio uko sikio moja tu, kama unapiga sawasawa na moyo, au kama umeacha kusikia ghafula. Nenda hospitali upesi.

4. Haki yetu kazini

Ukilazimika kupaza sauti ili mwenzako aliye umbali wa mita moja akusikie, makelele ya hapo ni ya hatari. Mkataba nambari 148 wa Shirika la Kazi la Dunia, wa mwaka 1977, unasema kwamba makelele yapunguzwe kwanza kwenye mashine zenyewe. Yasipopungua vya kutosha, mwajiri atoe vifaa vya kukinga masikio. Unasema pia kuwa uchunguzi wa afya kwa hatari hizo usimgharimu mfanyakazi, na kwamba asiyefaa tena kukaa penye makelele kwa sababu ya afya ajitahidiwe kupata kazi nyingine.

Kwa hiyo mwenzetu wa Kinama asijifiche. Achukue cheti cha mganga, aende pamoja na mjumbe wa chama kwa msimamizi, aombe kuondolewa kwenye mashine hadi mikono itulie. Ugonjwa wa tezi unatibika, na wengi hurudi kazini na nguvu zao. Mlio pengine hubaki kidogo, lakini mtu akijua sababu yake hofu hupungua.

Maswali ya kujadiliana

1. Katika karakana au shamba lenu, ni wapi watu huzungumza kwa kupaza sauti?
2. Ni nani kati yetu alicheka mwenzake anayetetemeka, bila kumwuliza anaumwa nini?
3. Mjumbe wetu amewahi kudai vifaa vya kukinga masikio? Alijibiwaje?