Mafuta Yasiyoonekana: Kwa Nini Tufe la Mtoto Wako Hukunja Hapa na Kule Halikunji

Msimu wa baridi ukifika shule nyingi za sekondari hapa Marekani, zikiwemo za Michigan na Ohio, huanza mashindano ya bowling. Watoto wetu kadhaa wameingia kwenye timu, na tumefurahi, kwa sababu huu ni mchezo wa ndani wakati nje kuna theluji, na haumhitaji mtoto awe mrefu wala mwenye mbio. Lakini maswali yanayotufikia ofisini yanafanana: mtoto alikuwa anapata alama 160 katika ukumbi wa mtaani, wakaenda kucheza mji mwingine akapata 110, karudi analia, na sasa anadai anunuliwe tufe jipya. Kabla hujatoa pesa, tuelewane kwanza kuhusu mafuta.

Njia ya kuviringishia tufe ina urefu wa futi 60, yaani kama mita 18, kutoka mstari wa kurushia hadi pini ya kwanza. Imegawanyika katika mbao 39 nyembamba. Ukiitazama utadhani ni sakafu iliyong'arishwa tu. Kumbe kuna mashine inayopita juu yake na kupaka mafuta membamba kuilinda isichubuke. Mafuta hayafiki mwisho: mara nyingi hufunika futi 40 hivi za mwanzo, na zilizobaki ni kavu.

Mwenye kumbukumbu ya barabara za udongo wakati wa masika atanielewa haraka. Pikipiki ikiwa kwenye tope, unageuza usukani lakini yenyewe inateleza mbele. Ikigusa sehemu kavu, tairi linashika na pikipiki inageuka. Tufe nalo ni hivyo hivyo. Mchezaji hulizungusha kwa vidole anapoliachia. Penye mafuta linateleza karibu moja kwa moja ingawa linazunguka. Likifika pakavu, msuguano unalishika, linakunja kuelekea katikati, kisha linaviringika hadi kwenye pini. Kuingia kwa mshazari namna hiyo ndiko kunakoangusha pini zote kumi kwa urahisi zaidi kuliko kuingia moja kwa moja.

Sasa, ukumbi wa mtaani hupaka mafuta mengi katikati na machache pembeni, ili wateja wafurahi. Kwa mtoto anayekunja tufe, njia kama hiyo inasamehe. Likienda nje kidogo linakuta ukavu na kurudi. Likibaki katikati linateleza bila kukunja mno. Katika mashindano mafuta yanaweza kupakwa karibu sawasawa kutoka upande hadi upande, na msamaha huo unapungua sana. Urefu wake nao hubadilika. Mafuta mafupi huacha sehemu kavu kubwa, tufe linakunja mapema na sana. Mafuta marefu hulichelewesha, pengine lifike kwenye pini kabla halijakunja vya kutosha. Kwa hiyo alama zikishuka ukumbi wa ugenini, usimgombeze mtoto kwamba amezembea. Mkono wake ni ule ule.

Makocha wana hesabu ndogo ambayo mtoto anaweza kuifanya mwenyewe. Chukua urefu wa mafuta kwa futi, toa 31. Kama mafuta ni futi 41, jibu ni 10: tufe liwe karibu na ubao wa 10, kuhesabu kutoka ukingoni upande wa mkono anaorushia, pale linapoanza kukunja. Si sheria ya chuma, ni mahali pa kuanzia.

Halafu mafuta hayatulii. Kila tufe linalopita linabeba kiasi chake, na baada ya michezo miwili mitatu njia imebadilika. Mtoto wa mkono wa kulia akiona tufe linapitiliza kushoto, asogeze miguu kushoto kabla hajarusha tena. Likibaki kulia, asogee kulia. Kusogea huku hakugharimu hata senti.

Kuhusu kununua: matufe ya bure pale ukumbini kwa kawaida ni ya plastiki. Hayashiki njia sana, kwa hiyo huenda karibu moja kwa moja hata mafuta yakiwa machache. Yanamfaa anayeanza, na wachezaji wazuri hutumia tufe la plastiki kuangushia pini moja iliyobaki. Tufe la rezini, lililoenea tangu miaka ya 1990, lina ganda linalonyonya mafuta na kushika pakavu kwa nguvu. Jipya linaweza kuzidi dola 150, na kulitoboa kwa kipimo cha vidole mara nyingi kuna malipo yake. Vidole vya mtoto wa miaka 14 bado vinakua! Mimi ningemuuliza kocha kwanza kama timu ina matufe ya kuazima.

Kama tayari mna tufe la rezini, uso wake unaweza kurekebishwa. Linalong'aa huteleza mbali zaidi. Lililosuguliwa kwa msasa maalumu hushika mapema, na linafaa mafuta yakiwa mengi. Kazi hiyo ifanyike kabla ya mashindano, maana katikati ya mchezo hairuhusiwi. Wakati wa kucheza mtoto alipanguse kwa taulo kavu kila linaporudi. Na msiliache ndani ya gari usiku wa baridi kali, linaweza kupasuka.

Jambo la mwisho ni kwa wadogo zake wanaokuja kushangilia: wasivuke ule mstari wa kurushia kwenda kuokota kitu, hata kama ni pipi. Mafuta yanaanza hapo hapo, na watu wazima wameanguka.