Amri ya Tano Juu ya Maji

Mkulima wa Dongobesh au mfugaji wa Basotu akisikia habari ya meli iliyozama, aweza kusema: "Hayo ni mambo ya watu wa ziwani na wa pwani. Sisi tu watu wa milimani. Meli yatuhusu nini?"

Twamjibu kwa mambo mawili. Kwanza, tarehe 3 Desemba 2023, tope na mawe viliposhuka kutoka Mlima Hanang na kuua zaidi ya watu 80 huko Katesh na vijiji vya jirani, misaada ilitoka pande zote za nchi. Wenzetu wa ziwani na wa visiwani hawakusema kwamba mlima hauwahusu. Pili, vijana wetu siku hizi husoma na kufanya kazi Mwanza, Ukerewe, Kigoma na Unguja. Siku moja watapanda meli, nasi wazazi tutakuwa mbali. Yatupasa basi kuwafundisha mapema, wangali nyumbani.

Tukumbuke yaliyopita. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama katika Ziwa Viktoria, karibu na Mwanza. Iliruhusiwa kuchukua abiria 430. Waliokufa walizidi 800. Wa daraja la kwanza na la pili walikuwa na orodha yao, lakini wa daraja la tatu, yaani maskini, hawakuwa na orodha. Tarehe 10 Septemba 2011 MV Spice Islander ilizama kati ya Unguja na Pemba, ikiwa na watu wengi kupita kiasi chake. Maiti zaidi ya 200 zilipatikana, na wengine wengi hawakuonekana tena. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, kilichotengenezwa kwa abiria 101, kilipinduka karibu kabisa na kisiwa cha Ukara. Walikufa watu 228, nchi kavu wakiiona kwa macho.

Kwa nini meli hupinduka? Meli husimama wima kwa sababu uzito wake mkubwa uko chini. Watu na mizigo vikijaa juu, uzito hupanda, na meli huwa kama mtu aliyejitwika mtungi mzito kichwani: akiinama kidogo tu, haweza kujirudisha. Hapo watu wakikimbilia upande mmoja, kwa hofu au kwa haraka ya kushuka, chombo hulala. Kipimo kilichoandikwa katika cheti cha meli, basi, si pendekezo la mkubwa fulani. Ni mpaka kati ya uzima na mauti.

Katika Matendo ya Mitume, sura ya 27, twasoma safari ya Mtume Paulo kwenda Roma. Paulo aliwaonya kwamba safari ina hatari. Akida akawasikiliza zaidi nahodha na mwenye meli. Tufani ilipowapata, walitupa shehena baharini, hata ngano, ili roho za watu zipone. Tena Maandiko yatupa hesabu kamili: watu 276 walikuwamo, nao wote walifika pwani salama, wafungwa pamoja na askari. Tupime mwenendo wetu kwa mfano huo. Wale walitupa mali ili waokoe watu. Sisi mara nyingi twaongeza mali na watu juu yake. Wale walihesabiwa hata wafungwa. Sisi tumezika ndugu zetu ambao hakuna karatasi iliyotaja majina yao.

Kanisa lafundisha kwamba Amri ya Tano haikatazi tu kuua kwa mkuki. Yakataza pia kumtia mwenzako katika hatari ya kufa pasipo sababu nzito. Mwenye chombo anayepokea nauli ya mtu asiye na nafasi, na mkaguzi anayefumba macho, wote wawili waguswa na amri hiyo. Hatusemi haya ili kuwahukumu marehemu. Maskini mwenye mgonjwa au mzigo wa sokoni, asiye na chombo kingine, hana uhuru mwingi wa kuchagua. Kwa hiyo lawama kubwa ni ya yule aliyeweza kukizuia chombo, asikizuie.

Hatari ya pili ni maradhi. Watu wengi wakifungiwa mahali pamoja, wakitumia maji mamoja, jiko moja na vyoo vilevile, ugonjwa wa mmoja huwa wa wote. Februari 2020 meli kubwa ya watalii, Diamond Princess, ilizuiwa katika bandari ya Yokohama, Japani, ikiwa na watu 3,711. Zaidi ya 700 waliambukizwa korona. Hapa kwetu, Mei 2015, wakimbizi wa Burundi kwa makumi ya maelfu walijazana Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya milima na Ziwa Tanganyika. Kipindupindu kikazuka, watu wapatao 3,000 wakaugua. Meli ya zamani ya Liemba, iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913, iliwahamisha hadi Kigoma, watu kama 600 kwa safari. Maji safi, vyoo, chumvichumvi za kurudisha maji mwilini na chanjo ndivyo vilivyozuia maafa makubwa zaidi. Tena tujue: virusi vya noro, ambavyo mara nyingi huleta kuhara na kutapika melini, havifi upesi kwa dawa ya spiriti ya kupaka mikononi. Sabuni na maji yatiririkayo ndiyo kinga.

Nasi wa Mbulu na Hanang tusijidanganye kwamba hatuna meli. Lori litokalo mnadani, watu wameketi juu ya magunia, watoto wakishika kamba, ni MV Bukoba ya nchi kavu. Asiyezoea kukataa lori lililojaa hapa nyumbani hataweza kukataa meli iliyojaa huko Mwanza.

Tunaziomba familia zijiulize jioni moja, baada ya sala:

1. Je, watoto wetu wajua kwamba yafaa kushuka katika chombo kilichojaa, hata kama nauli imekwisha kulipwa?

2. Tusafiripo, je, jina la kila mmoja laandikwa, hata la mtoto mchanga? Je, twauliza jaketi la kuokolea maisha liko wapi kabla ya kung'oa nanga, na twangoja hadi meli ifungwe gatini ndipo tusimame?

3. Je, twanawa kwa sabuni kabla ya kula na baada ya choo, na mwenye kuhara huahirisha safari?

4. Je, tumepata kutoa kitu kidogo ili tupate nafasi isiyokuwapo?

Swali la mwisho ni gumu, lakini lisirukwe. Tuwaombee marehemu wote wa maziwa, wa bahari na wa Mlima Hanang. Na tuwaheshimu kwa kufanya lile ambalo wengi wao hawakufanyiwa: kuhesabu kila mtu.